Una diploma ya uuguzi na miaka saba kazini: shahada, ubobezi au usimamizi?

"Shikamoo dada. Nina diploma ya uuguzi na ukunga, nina miaka saba zahanati. Mwaka huu nataka kujiendeleza. Mimi nilitaka shahada, ila mwenzangu niliyesoma naye anasema niende kozi ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, na katibu wa afya wa wilaya ananiambia zama hizi ni za usimamizi. Nishauri, maana dirisha la udahili halikai wazi."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ni wa tano au wa sita wa namna hii tangu Pasaka, kwa hiyo nakujibu kwa urefu ili na wenzako wasome.

Sitakuambia njia ipi ni bora, kwa sababu nimeona watu wakinawiri na watu wakijuta kwenye zote tatu. Nitakupa tu kipimo ninachokitumia mimi. Katika nchi yetu mageuzi ya afya huleta kazi kwanza. Cheti huja nyuma yake, na cheo huchelewa kuliko vyote. Ukishalijua hilo utaacha kuuliza kozi gani inalipa. Utajiuliza: kati ya kazi ambazo tayari nimebebeshwa, ni ipi niko tayari kuifanya miaka ishirini ijayo, safari hii nikiwa na karatasi zake?

Mzigo ulivyoongezeka

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati zilisambaa vijijini, na kina mama wa MCHA, wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wakafundishwa kupima wajawazito na kuchanja watoto. Kwa vyeti hawakuwa wauguzi kamili. Kwa kijiji, wao ndio waliokuwa hospitali. Mwaka 1993 kukaja kuchangia gharama, nesi akaanza kuandika stakabadhi. Mwaka 2001 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikaanza kazi, zikaja fomu za madai. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata; kuta zilisimama haraka kuliko watumishi walivyopatikana, na pengo hilo analijua vizuri yule aliyeachwa zamu peke yake. Mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa awamu, na taarifa zao zinaletwa kituo cha karibu. Yaani kwako.

Niliwahi kukaa siku mbili na sista mmoja kwenye zahanati ya kijijini, mwisho wa robo mwaka. Meza ilikuwa moja. Kushoto patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, ya mama ambaye njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Kulia leja ya dawa, kikokotoo ambacho namba 7 yake ilibonyea na kubaki chini, na simu yake mwenyewe iliyokuwa ikigawa intaneti kwa kompyuta ya kituo ili mfumo wa mahesabu, FFARS, ufunguke. Kila nusu saa alinyanyuka kusikiliza mapigo ya mtoto, akarudi kutafuta shilingi elfu nne na mia tano zilizogoma kulingana. Saa kumi alfajiri mtoto akalia. Zile elfu nne na mia tano zilionekana saa tatu asubuhi: nauli ya bodaboda aliyefuata chanjo, stakabadhi imebaki mfukoni mwa koti. Kazi ya upande wa kushoto wa meza tulifundishwa chuoni. Ile ya upande wa kulia, kizazi chetu kiliikuta kazini.

Sista yule angeweza kwenda njia yoyote kati ya hizi tatu, na kila moja ingemfanya mtu tofauti.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima zote kwa mambo yaleyale. Muda na fedha: utakaa nje ya kituo miaka mingapi, na mshahara unabaki au unakatika? Kada: ukirudi, muundo wa utumishi unakutambua kama nani? Hiki wengi hukisahau, na ndicho kinachowaliza. Halafu kazi ya siku, yaani saa mbili asubuhi utakuwa umeshika nini mkononi. Uongozi, kwa maana ya meza ipi utakaribishwa kukaa. Na mwelekeo wa mageuzi, kwamba sera zinakwenda huko au zinatoka huko. Mwisho nitasema inamfaa nani.

Mshahara wenyewe sijaufanya kigezo. Viwango hubadilika, na tofauti kubwa ya kipato kwa watu wengi ninaowajua hutokana na posho na zamu za ziada, mambo ambayo hayategemei cheti peke yake.

Njia ya kwanza: shahada ya uuguzi au ya ukunga

*Muda na fedha.* Miaka minne kwa utaratibu wa kawaida. Muhimbili walianza kufundisha shahada ya uuguzi mwaka 1988. Leo unayo MUHAS (ndio hao Muhimbili), UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza na vingine. Aga Khan Dar es Salaam wana programu iliyojengwa kwa wauguzi walio kazini, miaka miwili na nusu bila kuacha ajira, lakini hiyo inamfaa aliye Dar au jirani. Mwenye diploma huingia kwa GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, na hapo bado wanarudi kutazama cheti chako cha kidato cha nne: kemia, baiolojia, fizikia, hisabati, Kiingereza. Hapa ndipo wenzetu wengi hugota. Nesi hodari, GPA safi, halafu anaangushwa na fizikia aliyofeli akiwa na miaka kumi na saba. Kabla hujalipia ombi lolote, fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usome mstari wa chuo unachokitaka, kisha toa cheti chako sandukuni mlinganishe macho kwa macho.

*Kada.* Hapa njia hii ndiyo safi kuliko zote. Kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi unakwenda Afisa Muuguzi, muundo upo, Baraza la Uuguzi na Ukunga linakutambua. Ila mabadiliko hayo hayaji na joho siku ya mahafali. Yanasubiri ikama, yaani idadi ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, na bajeti, na kusubiri huko kunaweza kukupita mwaka na zaidi ukifanya kazi ya Afisa kwa mshahara wa Msaidizi. Uliza pia mapema, chuoni na kwenye Baraza, utaratibu wa mafunzo ya vitendo kazini na mtihani wa leseni kwa anayejiendeleza akitokea kazini.

*Kazi ya siku.* Niseme ukweli ambao vyuo havisemi: unaweza kurudi kwenye wodi ileile, kitanda kilekile, zamu ileile. Kinachobadilika ni macho. Unaanza kuuliza kwa nini tunafanya hivi, unasoma utafiti bila kuogopa, unafundisha wanafunzi wa vitendo. Na utakutana na jambo moja la aibu kidogo. Utapewa kumsimamia mama wa diploma mwenye miaka ishirini na tano leba, ambaye mikono yake inajua mambo ambayo wewe uliyasoma tu. Anayeanza kwa kumwamkia na kumwomba amfundishe huishi vizuri. Anayeanza kwa kutaja shahada yake huomba uhamisho.

*Uongozi.* Ngazi ya uuguzi yenyewe iko huku: msimamizi wa wodi, metroni au patroni, Muuguzi Mkuu wa Halmashauri, wa Mkoa, hadi kurugenzi ya uuguzi na ukunga wizarani. Anayetaka kusemea uuguzi pale bajeti ya halmashauri inapogawanywa, apitie hapa.

*Mwelekeo wa mageuzi.* Tangu Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, uuguzi umekuwa ukisukumwa kuwa taaluma inayojisimamia, na kuhuisha leseni kunadai mafunzo endelevu. Shahada ndiyo mlango wa uzamili; MUHAS wana uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na wa ukunga. Tangu Uviko-19 hakuna anayehitaji kuelezwa tena kwa nini wodi ya mahututi inataka nesi aliyeisomea.

*Inamfaa nani.* Mwenye umri unaomruhusu kusubiri, cheti cha kidato cha nne kisichomsumbua, na hamu ya kubaki muuguzi hadi kustaafu. Hamfai anayetaka mabadiliko ndani ya miezi kumi na miwili.

Njia ya pili: ubobezi wa muda mfupi

*Muda na fedha.* Kwa kawaida mwaka mmoja. KCMC wanajulikana kwa usingizi na macho, Mirembe Dodoma kwa afya ya akili. Gharama ni ndogo kuliko shahada kwa sababu tu muda ni mfupi, na halmashauri yenye thieta isiyo na mtu wa usingizi huwa nyepesi kutoa ruhusa, mara nyingine hata kulipia. Usione haya kuitumia nafasi hiyo.

*Kazi ya siku.* Nimeruka kigezo kimoja makusudi, nitakirudia, kwa sababu huku kazi ndiyo kila kitu.

Kuanzia 2017 serikali ilijenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto. Chumba kikikamilika, kitanda na taa vikifika, swali la kwanza ni nani atatoa dawa ya usingizi. Daktari bingwa wa usingizi hayupo katani. Yupo nesi aliyesomea.

Basi mtazame. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia mto, mgongo umekunjwa. Nesi anahesabu pingili kwa kidole gumba, anaingiza sindano, anangoja tone la maji ya uti wa mgongo litokeze. Dawa ikishaingia anamlaza haraka, anamuegemeza kidogo upande wa kushoto. Kuanzia hapo haondoi macho kwenye namba za presha, maana dakika chache zijazo inaweza kuporomoka. Mpasuaji anatazama tumbo. Yeye anamtazama mtu. Umeme ukikatika, mpasuaji husimamisha mkono akasubiri jenereta, lakini wa usingizi hana cha kusimamisha. Anaweka vidole kwenye mshipa wa mkono na kuanza kuongea na mama: "Unanisikia? Niambie mtoto wa kwanza anaitwa nani." Jibu likija wazi, anajua ubongo unapata damu.

Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na 104 kwenye ule wa 2022. Makadirio ya tafiti mbili si mizani ya duka, na sababu ni nyingi. Lakini ukisimama kwenye thieta ya kata usiku, unaona moja ya sababu hizo imevaa kofia ya kijani.

Afya ya akili ni habari nyingine: kazi ya kusikiliza, ya ndugu waliochoka, ya mgonjwa anayerudi mara ya nne. Macho ni kazi ya utulivu na ratiba nzuri. Nafikiri hayo mawili yanapuuzwa na watu wanaokimbilia usingizi kwa kuwa ndio unaozungumzwa sana.

*Kada.* Sasa nakirudia. Hapa kuna mtego: unaweza kurudi na kazi nzito mara tatu, cheo kikabaki kilekile. Muundo wa utumishi hautambui kila kozi kwa namna moja. Nenda kwa afisa utumishi kabla hujaondoka, na swali moja: "Nikimaliza kozi hii, kwenye mfumo nitasomeka kama nani?" Akijibu "tutaona," chukulia kwamba hakuna kitakachobadilika, kisha uamue kama kazi yenyewe inakutosha.

*Uongozi.* Kwa cheo, finyu. Kwa uzito, usidharau: mtu wa usingizi akisema leo hatufungui thieta kwa sababu oksijeni haitoshi, haifunguliwi.

*Mwelekeo wa mageuzi.* Upepo uko nyuma yako maadamu vituo vya kata vinaendelea kupasua. Ubaya wake ni upweke. Mkiwa wawili kituo kizima, likizo yako ni simu ya mwenzako, na usiku wako si wako.

*Inamfaa nani.* Anayependa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, asiyeogopa uamuzi wa sekunde, na ambaye nyumbani kuna mtu wa kubaki na watoto akiitwa saa saba usiku.

Njia ya tatu: usimamizi wa huduma za afya

*Muda na fedha.* Shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya Mzumbe ni miaka mitatu. Kama hutaki kukaa chuoni muda wote huo, CEDHA, kituo cha mafunzo ya watumishi wa afya kilichopo Arusha, na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo vimezoea watumishi wa halmashauri. Uzamili wa afya ya jamii unataka shahada ya kwanza, kwa hiyo kwa mwenye diploma bado ni mlima wa pili.

*Kada.* Soma hapa mara mbili. Shahada hiyo ya Mzumbe inakupeleka kwenye kada ya Katibu wa Afya. Ni kada nzuri, ila si uuguzi. Nimekutana na wauguzi waliokwenda usimamizi wakidhani watarudi kuwa Muuguzi Mkuu wa Halmashauri. Kiti hicho ni cha muuguzi, na shahada inayohesabika pale ni ya uuguzi. Ukienda huku, nenda ukijua unavuka mto. Leseni yako endelea kuihuisha hata hivyo.

*Kazi ya siku.* Mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ikama, manunuzi, maombi ya dawa Bohari ya Dawa, madai ya bima yaliyokatwa kwa sababu mtu alisahau kuandika utambuzi wa ugonjwa. Asubuhi yako itaanza na barua. Aliyetoka zahanati ana faida moja kubwa huku: anajua kwamba "dawa zipo" kwenye ripoti na "dawa zipo" kwenye rafu ni mambo mawili, na hadanganyiki kirahisi.

*Uongozi.* Katibu wa Afya anakaa ndani ya timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Mgonjwa mmojammoja hutamwona; utaamua kama watu elfu wanapata glavu.

*Mwelekeo wa mageuzi.* Kwa maoni yangu, sera za miaka kumi iliyopita zimevuma kuelekea huku kuliko kwingine kote: fedha kwenda kituoni, kamati za usimamizi wa vituo, mifumo ya kompyuta, na sasa bima kwa wote, ambayo itafanya kituo kiishi kwa madai yake. Ila mifumo hubadilika haraka. Ustadi wa mfumo mmoja huchakaa, ustadi wa kusoma mahesabu hauchakai.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye usiku ule wa elfu nne na mia tano angefurahia kuipata hesabu kuliko alivyochukia kuitafuta. Wapo. Ukiona umechoka wagonjwa tu, subiri kwanza; uchovu wa zamu hupona kwa likizo, na kada ukishaibadilisha kurudi ni shida.

Kwa hali yako

Uko chini ya miaka thelathini na tano, matokeo ya kidato cha nne hayakuangushi, na umethibitishwa kazini: anza na shahada. Inaacha milango mingi wazi, ukiwemo wa ubobezi wa juu na wa uongozi wa uuguzi.

Una arobaini na kitu, watoto wako sekondari, halmashauri yako ina thieta mpya iliyofungwa kufuli: mwaka mmoja wa usingizi unaweza kukufaa kuliko minne ya shahada, mradi afisa utumishi amejibu swali lile kwa maandishi.

Fizikia inakuzuia: una mawili. Rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, aibu haina nafasi hapa. Au nenda ubobezi sasa ukirudia mtihani polepole.

Wewe ndiye unayeshika mahesabu ya kituo na umegundua unayapenda: jaribu kozi fupi ya usimamizi kabla hujavuka mto wenyewe. Ukirudi bado unaitaka, vuka.

Uko hospitali binafsi au ya dini: mambo ya ikama hayakuhusu sana. Muulize mwajiri anahitaji nini, na mkubaliane utamtumikia miaka mingapi baada ya masomo kabla hajalipa shilingi.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, hukuniambia jambo moja: jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri? Kama halimo, mwaka huu kazi yako si kuchagua chuo. Ni kuliingiza. Andika barua kupitia kwa mfawidhi wako, ipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya hadi kwa mkurugenzi, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiripoti chuoni kwa ruhusa ya mdomo, hata aliyekuruhusu akiwa mtu mwema kiasi gani. Akihamishwa yeye, mshahara wako ndio utakaosimama.